MTIA MOTO NA LILILO MOYONI MWAKE

WAHENGA walisema moto huzaa jivu, nao walikuwa wakimsema mtoto dhaifu aliyezaliwa na baba hodari. Lakini kila aliyepika kwa kuni ajua na jambo jingine, kwamba jivu huficha kaa. Usiku walifukia jivuni, asubuhi walichokora, na kaa li hai.

Leo nataka tuzungumze, ndugu msomaji, juu ya mtu aliye mfano wa kaa hilo. Simsemi yule aliyepandwa na hasira siku moja akalitia moto duka la jirani, kisha akajuta umri wake wote. Huyo twamwelewa, hata kama hatumsamehe. Namsema yule atiaye moto leo, akatulia wiki mbili au mwezi, akala na kucheka na wenzake, kisha akatia tena, na tena. Ni mtu gani huyu? Ana nini moyoni mwake?

Swali hili si geni kwetu. Kila unapozuka moto katika shule zetu za mabweni, na imekuwa ni ada sasa, husikika barazani baada ya sala ya Isha majibu mawili. Wako wasemao, "Ni wazimu." Na wako wasemao, "Ni shetani." Mimi sikatai kuwa wazimu upo, wala sikatai kuwa shetani yupo, kwani Kitabu kimekwisha kutufundisha hayo. Lakini majibu haya yana ila moja kubwa: yote mawili yatupa ruhusa ya kurudi nyumbani tukalala. Mwenda wazimu hana la kuulizwa, na shetani haitwi kizimbani. Hivyo tukishasema hayo, huwa tumekwisha maneno, na hubaki kungoja moto mwingine.

Basi na tutazame walioshughulika kuchungua jambo hili wameona nini.

Wataalamu wasemaje

Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliutenga ugonjwa mmoja maalumu, ukaja kuitwa piromania, yaani wazimu wa moto. Maana yake ni mtu kusukumwa ndani kwa ndani awashe, pasi na kisa na mtu wala tamaa ya mali, na asipate kutulia mpaka auone moto unawaka. Jina hilo lingali katika vitabu vya tiba hata leo. Mwaka 1932 Sigmund Freud naye akaandika juu ya moto na matamanio ya mwili, na kwa muda mrefu watu wengi wakaamini kuwa kila mtia moto ana ugonjwa wa siri wa namna hiyo.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeipunguza sana imani hiyo. Mwaka 2005 madaktari wa Finland walitangaza habari za watu 90 waliorudia kosa la kutia moto, ambao walipimwa akili mjini Helsinki katika muda wa miaka 20. Katika hao 90, waliotimiza masharti yote ya piromania walikuwa 3 tu. Wengine 9 waliyakaribia, ila walikuwa wamelewa walipotenda. Wenye maradhi mazito ya akili walikuwa kama mmoja katika watano. Na zaidi ya nusu ya wote walikuwa na kileo kichwani siku waliyotia moto.

Huko Marekani, wataalamu wa shirika la upelelezi la FBI walifanya mahojiano na wafungwa 83 waliotia moto mara tatu au zaidi, huku pakiwa na muda wa kutulia baina ya moto na moto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Sababu iliyotangulia sababu zote ilikuwa ni kisasi. Kiasi cha wawili katika kila watano walitia moto kwa ajili hiyo. Iliyofuata ilikuwa ni kutafuta msisimko. Na kisasi chenyewe si lazima kiwe juu ya mtu mmoja. Huweza kuwa juu ya kazi iliyomfukuza, juu ya nyumba iliyomlea vibaya, au juu ya ulimwengu wote uliopita mbele yake usimtazame.

Mwaka 1987 wataalamu wa Uingereza, Howard Jackson na wenzake, walitoa neno ambalo mimi naliona ni zito kuliko mengine. Walisema kwamba kwa watu wengi wa aina hii moto ndiyo njia pekee waionayo mbele yao. Ni watu walioshindwa kusema, au waliosema wasisikizwe, au waogopao kumkabili mtu uso kwa uso. Ngumi hawaiwezi, na maneno hawana. Kibiriti chataka kidole kimoja tu, tena aliyekiwasha huwa amekwisha kwenda zake kabla ya watu kuamka. Mwaka 2012 Theresa Gannon wa Chuo Kikuu cha Kent akaeleza pamoja na wenzake njia tano zimfikishazo mtu hapo, na miongoni mwake ni kinyongo, kuupenda moto wenyewe, na haja ya kutambuliwa na watu.

Haja ya kutambuliwa. Neno hili tulishike, maana tutalihitaji. Kwanza nitakupa visa viwili, kimoja cha mtu aliyedharauliwa na kimoja cha mtu aliyesifiwa, upime mwenyewe.

Kijana wa Hull

Hull ni mji wa bandari, mashariki ya Uingereza. Hapo aliishi kijana aliyeitwa Peter Dinsdale, aliyezaliwa mwaka 1960. Alizaliwa na kifafa na mkono wenye kasoro. Mama yake alikuwa akijiuza, na mtoto akakulia katika nyumba za kulelea watoto. Mtaani walimbandika jina la kumdhihaki kwa upungufu wa akili yake, na kila mtu alimjua, lakini hapana aliyemjali.

Kuanzia mwaka 1973, naye bado hajatimiza miaka 13, nyumba zilianza kuungua. Aliyekufa mwanzo alikuwa mtoto wa miaka 6. Dinsdale alikuwa akimwaga mafuta ya taa ndani ya nyumba za watu, mara nyingine kwa kupitishia kwenye tundu la barua mlangoni, kisha akaliwasha. Nyumba nyingine zilikuwa za watu waliomkera. Nyingine hazikuwa na kisa naye hata kidogo.

Na sasa angalia ajabu hii. Kwa muda wa miaka sita hapana aliyemtuhumu, na sababu si kwamba alikuwa mjanja. Moto mwingi katika huo ulihesabiwa kuwa ni ajali, kwamba labda ni jiko, labda ni sigara, labda ni mtoto aliyechezea kibiriti. Mwezi wa Desemba 1979 ndugu watatu wa nyumba moja walikufa motoni, ndipo polisi wakaanza kuwahoji vijana wa mtaa mmoja mmoja. Walipomfikia huyu, aliyasema mwenyewe, na akaongeza na mengine ambayo hawakuyauliza. Januari 1981 alikubali mahakamani makosa ya kuua watu 26 pasi na kukusudia, akapelekwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili bila ya kikomo. Baadaye vifo 11 vya nyumba moja ya wazee viliondolewa katika hesabu yake, baada ya kuonekana kwamba moto ule huenda ulikuwa ajali kweli.

Mwaka ule wa 1979 alikuwa amebadilisha jina lake rasmi, akajiita Bruce Lee, kwa mapenzi ya yule mcheza sinema wa ngumi na mateke. Mimi kila nikifikiri habari hii, jambo hilo hunigusa kuliko yote. Kijana mwenye mkono mbovu, achekwaye na mji mzima, ajiita kwa jina la mtu ambaye hakuna awezaye kumpiga.

Kapteni wa Glendale

Utasema, huyo ni masikini wa Mungu aliyeharibikiwa tangu utotoni. Basi sikiliza cha pili.

John Orr alitaka kuwa polisi mjini Los Angeles, wakamkataa. Mwaka 1974 akaajiriwa katika zimamoto ya mji wa Glendale, California, akapanda mpaka akawa kapteni na mpelelezi wa moto wa kutiwa. Sifa zake zilienea. Aliandika makala katika majarida ya kazi yake, aliwafundisha wenziwe, na mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika palipowaka na kuonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo ulipoanzia."

Tarehe 10 Oktoba 1984 duka kubwa la vifaa vya nyumba liliungua katika mji wa jirani wa South Pasadena, wakafa watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka miwili aliyekwenda dukani na bibi yake. Wachunguzi walisema ni hitilafu ya umeme. Orr alishikilia kuwa moto ule umetiwa. Wakati huo watu walidhani ni bidii ya kazi.

Januari 1987 wapelelezi wa moto walikutana mjini Fresno kwa mafunzo. Katika siku hizo hizo maduka yakawaka katika miji iliyo njiani, na katika duka moja la Bakersfield kilipatikana chombo cha kuwashia ambacho hakikuteketea chote: sigara, njiti za kiberiti, ugwe wa mpira na karatasi ya manjano ya daftari. Juu ya karatasi palikuwa na alama ya kidole. Kapteni mmoja wa Bakersfield, Marvin Casey, alithubutu kusema neno ambalo wenziwe hawakutaka kulisikia, kwamba huenda mtia moto ni mmoja wa waliohudhuria mkutano. Mwaka 1989 ukafanyika mkutano mwingine, na moto ukafuata njia ile ile. Lakini alama ile ilipolinganishwa mara ya kwanza na vidole vya waliokuwapo katika mikutano yote miwili, haikutambuliwa. Ilitambuliwa mwaka 1991, na kidole kilikuwa cha John Orr.

Alipokamatwa mwezi wa Desemba mwaka huo, ilijulikana kwamba alikuwa ameandika riwaya. Kisa chake ni cha mzimamoto ambaye ndiye awashaye, na ndani yake mna duka la vifaa linaloungua na mtoto mdogo anayekufa humo. Mwaka 1992 alitiwa hatiani kwa moto wa maduka, na mwaka 1998 kwa vifo vya wale wanne wa South Pasadena, akahukumiwa kifungo cha maisha bila ya msamaha. Mwenyewe amekana siku zote.

Watu hawa wawili hawafanani kwa lolote ulionalo kwa macho. Mmoja ni kilema asiye na kwao, mwingine ana cheo, bastola kiunoni na gari la serikali. Lakini ukiwafunua wote wawili waona mtu yule yule, anayejiona si kitu mpaka aone moto wake unawakimbiza watu. Usiku huo mji mzima unafanya alichoamua yeye. Magari yanapiga king'ora kwa ajili yake. Na asubuhi yake arudi kuwa si kitu tena, kwa hivyo hana budi kuwasha mwingine. Hapo ndipo penye siri ya kurudia.

Msomaji aliyesoma chuoni atakumbuka sura ya Al-Buruj na wale watu wa mahandaki waliowachoma waumini. Kitabu hakikutosheka kututajia moto wao. Kimetaja pia kwamba walikaa kando yake wakishuhudia. Nilipokuwa mdogo sikujua kwa nini kule kukaa kukatajwa. Sasa nadhani nimefahamu, kwani kutazama ni sehemu ya dhambi yenyewe.

Kisa cha chuoni kwetu

Habari za Orr zilinikumbusha jambo la utotoni, nami nitalieleza pasi na kutaja jina la mtu wala la mtaa.

Katika mtaa wetu liliungua banda la kuku. Baada ya siku kumi ukaungua ua wa makuti. Watu wakasema ni jini, ukafukizwa ubani, likaandikwa kombe likanywewa. Kisha likaungua jiko la uani nyumbani kwa maalimu wetu. Alhamdulillahi, halikumgusa mtu. Bibi mmoja, mshonaji kofia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupoa lakini akili haikupoa, akamwendea maalimu akamwambia, "Shekhe, mara zote tatu mwenye ndoo ya kwanza ya maji ni mtoto mmoja."

Maalimu alimngoja yule mtoto mpaka wenziwe wametawanyika. Bakora ilikuwa ubavuni mwake, hakuishika. Alimuuliza, "Mwanangu, wataka nini?" Mtoto alikaa kimya sana, kisha akalia. Baba yake alikuwa amekwenda Arabuni kutafuta, barua zikakatika. Yeye akalelewa nyumba ya watu, akilala ukumbini na kutumwa alfajiri mpaka usiku. Siku ya banda la kuku, alipokuja mbio na ndoo, wazee walimpiga mgongoni wakamwambia, "Ahsante, mwanamume wewe." Akasema hapana mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Maalimu hakumwacha bure. Alimkalisha akashona makuti kwa mikono yake mpaka jiko likaezekwa upya, na akamtaka radhi kila mwenye mali. Lakini tangu siku ile ufunguo wa chuo ukawa kwake, yeye ndiye wa kufungua alfajiri na kujaza mitungi. Moto ukakoma. Mtoto yule leo ni baba wa watu.

Sikukieleza kisa hiki ili nikuaminishe kuwa kila mtia moto hutibiwa kwa ufunguo. Orr alikuwa na funguo zote. Nimekieleza kwa sababu ya lile swali la maalimu, maana sisi wengine wote tulikuwa tumekwisha kumjibu mtoto yule kabla hatujamuuliza.

Mabweni yetu

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Mei 1999, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walimwagiwa petroli chumbani mwao usiku na kuchomwa. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 waliungua katika bweni la Kyanguli, Machakos, na wanafunzi wawili wakashitakiwa. Miongoni mwa manung'uniko yaliyotajwa ni matokeo ya mtihani yaliyokuwa yamefutwa. Mwaka 2016, katika muhula wa pili peke yake, ziliungua shule zaidi ya 100. Septemba 2017, wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls, Nairobi, na miaka mitano baadaye mwanafunzi mmoja, aliyekuwa mtoto wakati wa tendo, akafungwa kwa kosa la kuua bila ya kukusudia. Mahakamani ilielezwa kwamba hakuitaka shule ile, alitaka kuhamishwa.

Katika shule hizi mara nyingi hatumpati mtia moto mmoja anayerudia. Hurudia moto wenyewe, na mikono hubadilika. Aliyechoma mwaka 1999 leo ni mtu mzima, wala hamjui aliyechoma mwaka 2016. Lakini ukiuliza sababu, wasikia ule ule wimbo: chakula, adhabu, mtihani, muhula uliorefushwa, mwalimu mkuu asiyeonekana, barua iliyoandikwa isijibiwe. Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyeuchunguza moto wa shule za Kenya kwa miaka mingi na kuutolea kitabu mwaka 2022, ameonyesha kwamba wanafunzi wamejifunza jambo moja kutokana na nchi wanayoishi: ukisema kwa adabu hupati jibu, ukichoma unapata. Siku ya pili waziri aja, mwenye wilaya aja, magazeti yaja, shule yafungwa na watoto waenda nyumbani walikotaka kwenda.

Kwa hivyo kijana wa bweni hana piromania. Ana mantiki. Na mantiki hiyo hakuizua mwenyewe, ameisomea. Ameona vitu vikichomwa kwenye siasa na wachomaji wakaitwa mezani. Ameona mgomo usio na moshi ukipuuzwa. Huyu na kijana wa Hull na kapteni wa Glendale wanakutana penye neno lile nililokuomba ulishike: wote wamegundua kwamba moto humfanya mtu asikike. Tofauti ni kwamba wale wawili walikuwa na maradhi yao wenyewe, na hawa wetu maradhi tunawaambukiza sisi.

Mlango uliofungwa

Najua msomaji mmoja amekwisha kunja uso. Asema, "Bwana huyu anawatetea wachomaji." Hasha. Aliyelala na kuunguzwa hakumkosea mtu. Wale 67 hawakuwa wamemfutia mtu mtihani wake. Sheria ya Kenya imeweka hata kifungo cha maisha kwa mtia moto, na dini yetu ni kali zaidi. Tumepokea kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, makatazo ya kuadhibu kwa moto, kwa kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake. Ikiwa hata mwenye kuhukumu kwa haki amekatazwa, sembuse mwenye kinyongo cha maharagwe? Mwenye kutia moto amejipa daraja isiyo yake.

Lakini kuna dhambi ya pili, na hii wengi hatuitaji. Mwezi wa Machi 1998, hapa kwetu pwani, wasichana 26 walikufa katika bweni la Bombolulu. Sizungumzi hapa juu ya aliyewasha. Nazungumza juu ya mlango uliokuwa umefungwa na madirisha yaliyotiwa vyuma. Miaka mitatu baadaye, Kyanguli, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa kanuni za usalama wa shule: milango ifunguke kwa nje, isikomelewe wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasitiwe vyuma, vitanda viachane. Ni kanuni nzuri, na kila baba anaweza kuzikagua kwa macho yake siku ya kumtembelea mwanawe. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuusukuma mlango wa bweni kuona wafungukia upande gani? Sisi huuliza alama za hesabu.

Usiku wa Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa wavulana wadogo 21. Nao siutaji kwamba ulitiwa. Nautaja kwa kuwa bweni limejaa watoto usiku halitofautishi kati ya moto wa mkono na moto wa ajali. Aliyewasha, kama yupo, ni mmoja. Aliyewasonganisha watoto katika bweni na kuukomea mlango ni mwingine, na huyu wa pili hana hata kinyongo cha kumtolea udhuru. Aliogopa watoroke, basi.

Lifanywe nini?

Wataalamu wa Kent wametengeneza mafunzo kwa wafungwa waliotia moto, ambamo mtu hukaa na wenziwe na mwalimu, wakazungumza juu ya hasira, juu ya namna ya kusema haja yake, na juu ya moto wenyewe na anavyouwaza. Hawamwambii "u mwema" wala "u shetani". Wamwuliza alikuwa akitaka nini. Nimecheka kidogo niliposoma hayo, kwa kumkumbuka maalimu wetu na mkeka wake.

Katika shule zetu dawa haina ghali. Kuwe na siku maalumu ambapo wanafunzi wasema na mwalimu mkuu asikiza, na jibu litoke kabla ya juma kwisha, hata kama jibu ni "haiwezekani, na sababu ni hii". Mtoto hukubali kukataliwa. Asilokubali ni kutojibiwa. Na moto mdogo usidharauliwe. Godoro moja lililoungua kwa bahati, pazia lililochomeka pembeni, hizo ni barua. Hull walizisoma kuwa ni ajali miaka sita. Anayeokota barua ya kwanza akauliza kwa upole ameokoa bweni zima.

Nasi wazazi tuna la kwetu. Mtoto akikwambia, "Baba, shule ile siitaki," usimjibu kwa kumtajia karo uliyolipa. Muulize kwa nini, umngoje akae kimya mpaka aseme. Huenda ni uvivu tu, na uvivu una dawa yake. Huenda ni jambo jingine.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume akaonya kuwa moto ni adui, tuuzime kabla ya kulala. Katika mapokezi mengine akatajwa panya, kwamba huweza kuukokota utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba yao. Sisi watoto tulikuwa tukicheka, twamwona panya akikimbia na utambi mdomoni. Leo naona kwamba panya hakulaumiwa sana katika mafundisho yale. Aliyeonywa ni mwenye nyumba, aliyekwenda kulala na kuiacha taa yawaka.